Bloku Kwanza: Kufufua Ford V8 ya Valvu Pembeni kwa Hotirodi ya Nyumbani

Ukishaipata injini ya Ford V8 ya zamani, ile ya valvu pembeni ambayo Wamarekani huiita flatihedi, usinunue kitu kingine chochote mpaka bloku yake ivuliwe, ioshwe na ipimwe nyufa. Wengi huanza kinyume. Huagiza hedi za aluminiamu zinazometameta, karabureta mbili na manifoldi ya Offenhauser, huzipanga kabatini, kisha ndipo hupeleka bloku kwa fundi wa mashine na kuambiwa ina ufa ulioanzia kwenye kiti cha valvu mpaka ndani ya silinda. Pesa imeshaondoka, na gari bado halina injini.

Nazungumza na mtu anayejijengea hotirodi nyumbani: gari la Ford la miaka ya 1930 au 1940 lililovuliwa madigadi, likapunguzwa uzito na kutiwa injini iliyochangamshwa. Ukiwa Marekani utazikuta injini hizi mashambani, kwenye maghala na kwenye maonyesho ya magari ya mwisho wa wiki. Kuchonga silinda na kusaga kranki utalipia karakana. Kazi nyingine karibu zote ziko ndani ya uwezo wa mtu mwenye spana nzuri, subira na mahali pakavu pa kufanyia kazi.

Kwa nini inachemsha

Henry Ford alitaka silinda nane ndani ya bloku moja iliyosubiwa kwa mkupuo mmoja, kwa bei ambayo mkulima au karani angeimudu. Wahandisi wake, miongoni mwao Carl Schultz, Ray Laird na Emil Zoerlein, waliifanyia kazi Dearborn, ndani ya maabara ya Thomas Edison ambayo Ford alikuwa ameihamisha kutoka Fort Myers, Florida. Mwaka 1932 injini ikatoka: inchi za ujazo 221, yaani lita 3.6, nguvu ya farasi 65. Baada ya miaka michache vijana wa California walikuwa wakiinunua kwa bei ya chee na kuikimbiza kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Kuanzia 1949 wakahamia pia kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah. Iliendelea kutawala mpaka Chevrolet walipoleta V8 yao nyepesi ya mwaka 1955.

Ili bloku isubiwe kwa kipande kimoja na hedi ibaki kifuniko tu, valvu zote ziliwekwa ndani ya bloku. Moshi wa moto ukitoka kwenye silinda hauendi nje papo hapo. Unapita katikati ya bloku, umezungukwa na maji ya kupoza, hadi ubavuni. Tena kila upande una matundu matatu tu ya moshi kwa silinda nne, kwa hiyo silinda mbili za kati zinagawana tundu moja. Maji yanapokea joto la moshi ambalo kwenye injini ya hedi ya kisasa lingetoka nje mapema zaidi.

Shika hilo kichwani muda wote wa kazi. Utaambiwa na watu wengi kwamba flatihedi inachemsha kwa asili yake na dawa ni rediaeta kubwa. Mimi sikubali. Injini hizi zilivuta malori, zikasukuma vifaru vidogo vya Bren vya Waingereza, na ndizo zilizokuwa ndani ya magari ya deraya ya Marmon-Herrington ambayo jeshi la Afrika Kusini lilikuja nayo kupigana na Waitaliano katika vita vya Afrika Mashariki, 1940 na 1941. Flatihedi yenye njia safi za maji inafanya kazi juani. Inayochemsha mara nyingi ina uchafu ndani, ufa, gasketi isiyo yake au moto wa plagi unaochelewa.

Ijue uliyonayo

Hesabu studi za hedi moja. Zikiwa 21, ni ya miaka ya mwanzo, 1932 hadi karibu 1938. Zikiwa 24, ni ya baadaye. Ukihesabu 17, una ile ndogo ya lita 2.2 na farasi 60 iliyotengenezwa kuanzia 1937 hadi 1940, na vipimo vyake ni tofauti kabisa na vya hapa.

Kwa hotirodi zinazotafutwa ni mbili. Ya kwanza ni 59A ya miaka ya baada ya vita hadi 1948, lita 3.9. Utaitambua kwa namba 59 iliyosubiwa nyuma, juu ya kasha la klachi, kwa sababu sehemu ya juu ya kasha hilo ni bloku yenyewe. Distributa yake imelala mbele, ikiendeshwa na ncha ya kamshafti, na maji hutokea katikati ya hedi. Ya pili ni 8BA ya 1949 hadi 1953: kasha la klachi linafunguliwa peke yake, distributa imesimama wima, na maji hutokea mbele ya hedi. Wazee wa hotirodi huipenda 59A kwa sura. Kwa anayeanza nashauri 8BA, kwani beringi zake za konrodi na bushi zake za valvu ni rahisi zaidi kushughulikia. Lakini bloku nzima ya aina yoyote kati ya hizo mbili ni bora kuliko bloku mbovu ya aina unayoipenda.

Ukiuziwa injini kwa maelezo kwamba ina kranki ya Mercury, chapa nyingine ya Ford, usikubali kwa maneno. Fungua hedi, shusha pistoni moja hadi chini kabisa, pima inavyopanda mpaka juu. Kranki ya kawaida ya Ford itakupa milimita 95 na robo. Ile ya Mercury ya kuanzia 1949 itakupa 101.6. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyowapa Mercury lita 4.2, na ni nguvu ya bei nafuu kuliko zote utakazoweza kuiongezea injini hii.

Jambo moja ambalo limeharibu injini nyingi: hedi za studi 24 za kabla ya 1949 na za baada yake zinaelekea kuingia kwenye studi zilezile, lakini matundu ya maji hayalingani, wala gasketi hazilingani. Laza gasketi juu ya bloku, kisha juu ya hedi, tazama kila tundu. Tundu lililozibwa mahali pasipotakiwa linapeleka maji njia ya mkato, na silinda za nyuma zinabaki na kiu.

Kuivua bila kuiumiza

Piga picha kila upande kabla ya kushika spana. Vifuniko vya beringi na konrodi vipige alama za namba, kwa sababu kila kimoja lazima kirudi mahali pake na kikitazama upande uleule. Gasketi za hedi na bitana za klachi za zama hizo zinaweza kuwa na asbesto. Zilowanishe, usizikwangue zikiwa kavu wala usizipulizie upepo.

Hedi za aluminiamu zilizokaa miaka mingi huungana na studi kwa kutu. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa mfululizo, gonga kila studi kichwani kwa nyundo ndogo, zungusha nati kidogo mbele, kidogo nyuma. Usipige patasi katikati ya hedi na bloku, maana utaacha jeraha mahali ambapo gasketi inatakiwa izibe. Studi ikikatika, chomelea nati juu ya kisiki chake, acha ipoe, kisha uizungushe. Joto la kuchomelea hulegeza kutu kuliko nguvu ya mkono.

Valvu ndizo zinazowashangaza waliozoea injini za kisasa. Hazitoki peke yake. Valvu, springi na bushi inayoiongoza hutoka kwa pamoja kama furushi moja. Chungulia kwenye bonde lililo katikati ya safu mbili za silinda na utaona, juu ya kila springi, klipu nyembamba yenye umbo la kwato ya farasi. Hiyo ndiyo inayoishikilia bushi. Kuna nondo maalumu yenye ncha ya panda: unaishika bushi kwa panda, unaivuta chini kwa kuegemea nondo, klipu inalegea, unaichomoa kwa koleo. Kisha unaingiza nondo chini ya furushi na kulisukuma juu hadi litoke. Katika injini iliyokaa bure miaka 50, chache zitatoka kwa ulaini na nyingine zitang'ang'ania. Zinazogoma zimwagie mafuta, ziache zilale, rudi kesho. Mwisho wa yote, kata shina la valvu na ugonge bushi itoke. Valvu zinanunulika, bloku hainunuliki kirahisi.

Kuosha ndiyo kazi yenyewe

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Bloku iliposubiwa, njia za maji zilitengenezwa kwa mchanga wa kalibu uliopigwa na kuimarishwa kwa waya. Mchanga ulitakiwa utolewe wote kiwandani, lakini mwingine ulibaki kwenye pembe za ndani, mara nyingi pamoja na vipande vya waya. Juu yake ikaja kutu ya miaka 70 au 80. Vyote hivyo vimejaa hasa sehemu za chini na za nyuma, karibu na njia za moshi, pale ambapo maji yanahitajika zaidi.

Peleka bloku ikapikwe kwenye pipa la dawa moto, au bora zaidi iokwe tanurini na kupigwa kwa punje za chuma. Kabla ya hapo toa plagi zote za maji na za oili. Ikirudi, usidhani imekuwa safi. Chukua kipande cha kebo ya chuma ya spidomita, fumua ncha yake ichanue, ifunge kwenye drili ya umeme, kisha uiingize kwenye kila tundu la maji la sakafu ya bloku na kupitia mahali pa pampu. Vaa miwani. Utasikia mchanga ukikwaruza, kisha utauona ukimwagika mweusi kama unga wa baruti. Geuza bloku, igonge kwa nyundo ya mbao, piga maji ya presha, igeuze tena. Rudia mpaka maji yatoke meupe na kebo isikutane na kitu chochote ila chuma.

Njia za oili nazo zipigwe brashi ndefu. Mbele ya bloku, nyuma ya gia ya kamshafti, kuna plagi ya njia kuu ya oili. Itoe, safisha, na iandike kwenye karatasi ya ukutani kwamba lazima irudishwe, kwani ikisahauliwa injini itawaka bila presha ya oili na utalazimika kufungua mbele yote. Kwenye kranki, pini zinazoshika konrodi zina uwazi ndani uliozibwa kwa plagi, na uwazi huo umekuwa ukikusanya tope la oili tangu gari likiwa jipya. Kranki iliyosagwa vizuri lakini haikufunguliwa plagi hizo italirudisha tope lote kwenye beringi mpya.

Nyufa, na zipi za kuogopa

Bloku ikiwa safi, ipimwe kwa sumaku na unga wa chuma, kisha izibwe na kujazwa maji ya presha. Nyufa fupi za sakafu ya bloku, kutoka tundu la studi hadi tundu la maji, ni za kawaida sana, na fundi mzuri huzishona kwa pini za nyuzi zinazofuatana na kuingiliana. Ufa kutoka kiti cha valvu ya moshi hadi ukingo wa silinda ni mzito zaidi. Hutibika kwa pini, kwa kiti kipya cha chuma kigumu, au kwa sliva ikiwa umeshuka ndani ya silinda, lakini uliza gharama kabla. Ubavu uliopasuka kwa sababu maji yaliganda ndani wakati wa baridi kali unaonekana kwa macho, mstari mrefu wa kutu ukikimbia kwa ulalo. Ukikuta nyufa za kiti cha valvu kwenye silinda kadhaa kwa pamoja, tafuta bloku nyingine. Na usimruhusu mtu achomelee chuma cha kusubu kikiwa baridi. Lazima bloku nzima ipashwe moto kwanza na ipozwe polepole, la sivyo ufa utahamia kando ya weldi.

Kabla ya kuchonga silinda, dai kipimo cha unene wa kuta kwa mawimbi ya sauti. Mchanga wa kalibu uliweza kuhama kidogo wakati wa kusubu, ukuta mmoja ukawa mnene na wa pili mwembamba. Bloku za lita 3.9 zilianza na kipenyo cha inchi 3 na 3/16, na nyingi zinafika inchi 3 na 5/16 bila wasiwasi. Ukiunganisha kipenyo hicho na kranki ya Mercury unapata inchi za ujazo 276, lita 4.5, na kwa gari la barabarani hiyo inatosha na kuzidi. Wanaopenda majina makubwa huenda inchi 3 na 3/8 na kranki iliyosagwa ikaongezwa mwendo, wakafikia 296. Mimi nauthamini zaidi ukuta mnene kati ya moto na maji. Omba pia silinda zing'arishwe huku bamba nene la chuma likiwa limekazwa juu ya bloku badala ya hedi, kwa kuwa studi zikikazwa huvuta chuma na silinda huacha kuwa duara.

Kuijenga upya

Injini za hadi 1948 zina beringi za konrodi zinazoelea: jozi moja ya vikombe inahudumia konrodi mbili, na inazunguka juu ya pini na pia ndani ya konrodi. Kwa hiyo tundu la konrodi nalo lazima liwe laini na duara kamili. Kwenye 8BA vikombe vimefungwa ndani ya konrodi kama injini nyingi. Mwanya wa beringi kuu tatu pima kwa uzi wa plastiki unaobanwa na kusomwa upana wake. Kati ya milimita 0.025 na 0.075 uko salama.

Mwanya wa ringi uupime ringi ikiwa ndani ya silinda yake yenyewe. Kwa kipenyo hiki, milimita 0.3 hivi ndiyo desturi, ila karatasi iliyokuja na ringi ndiyo inayoamua. Kwa kamshafti ya kawaida ya Ford, valvu za kuingiza ziwekwe mwanya wa milimita 0.25 hadi 0.30 na za moshi 0.35 hadi 0.40, injini ikiwa baridi. Tapeti za asili hazina skrubu, mwanya unapatikana kwa kusaga ncha ya shina la valvu, kazi ya kukatisha tamaa. Nunua tapeti zenye skrubu.

Kuna mila ya zamani ya kuchimba sakafu ya bloku kati ya valvu na silinda ili hewa ipite. Kwa gari la barabarani iache. Inapunguza mgandamizo na inakondesha chuma palepale ambapo nyufa hupenda kuzaliwa. Kulainisha njia za hewa chini ya valvu kuna faida bila hasara hiyo.

Hedi za aluminiamu za mgandamizo wa 8 kwa 1 zinafaa kwa petroli ya kituoni. Zaidi ya hapo paa la chumba cha moto linashuka mpaka linaziba njia ya hewa kutoka valvu kwenda silinda, na unapoteza ulichotaka kukipata. Kabla ya kufunga kabisa, weka udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni na valvu, funga hedi na gasketi iliyotumika, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili, fungua, kata udongo kwa kisu na pima unene. Unataka zaidi kidogo ya milimita moja mahali pembamba kabisa.

Studi nyingi zinaingia kwenye maji. Nyuzi zake zipakwe gundi ya kuzuia kuvuja, zote bila kubagua. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, kwa nguvu aliyoandika mtengenezaji wa hedi, na hedi za aluminiamu zikazwe zikiwa baridi tu.

Karabureta mbili za Stromberg 97 zinatosha. Ya tatu ni ya kupendeza macho. Zinataka presha ndogo ya petroli, pauni 2 hadi 2.5 kwa inchi ya mraba, ikizidi zinafurika. Mpangilio wa moto ni 1-5-4-8-6-3-7-2, silinda ya kwanza ikiwa mbele upande wa kulia kwa mtu aliyekaa kwenye usukani. Distributa ihudumiwe na mtu mwenye mashine ya kuipima, kwa sababu moto unaochelewa hupeleka petroli ikiwaka mpaka kwenye njia za moshi ndani ya bloku, na tumeshaona joto hilo linakwenda wapi. Ukibaki na umeme wa asili wa volti 6, kumbuka kwamba kwenye Ford hizi chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi.

Kuwasha mara ya kwanza

Pampu ya oili inaendeshwa na kamshafti kwa nyuma, kwa hiyo huwezi kuizungusha kwa drili kupitia tundu la distributa kama kwenye V8 za Chevrolet. Sukuma oili ndani kwa chupa ya presha kupitia tundu la kipima presha, au toa plagi zote za moto na zungusha kwa stata mpaka geji ipande. Tumia oili yenye zinki ya kutosha, kwani tapeti hizi husuguana na kamshafti moja kwa moja. Funika mdomo wa mpira wa maji unaoingia juu ya rediaeta kwa kipande cha soksi nyembamba ya kike, ili kinase mchanga uliobaki. Weka pampu zote mbili za maji zikiwa mpya na thabiti, na thermostati moja kila upande.

Ikiwaka, usiiache ikiunguruma polepole. Ipandishe hadi mizunguko 2,000 kwa dakika na uishikilie hapo kwa dakika 20, ukitazama presha ya oili na joto la kila upande. Izime, iache ipoe mpaka kesho yake, kisha rudia kukaza hedi. Fanya hivyo tena baada ya kuipasha na kuipoza mara mbili tatu. Mwaga oili ile ya kwanza na uichuje kwenye kitambaa cheupe. Fungua soksi. Ukikuta mchanga, ioshe, irudishe, endesha tena kilomita chache na uikague. Usiitoe mpaka irudi safi mara mbili mfululizo.